Mwaka wa Povu katika Jamhuri ya Takasa

Wanaosema Jamhuri ya Takasa haikuwa na maendeleo hawajapata kuinusa. Msafiri aliyevuka mpaka kutoka nchi jirani, ambako watu walikuwa bado wananuka jasho na moshi wa kuni kama Mungu alivyowaumba, alipokewa na harufu ya limau isiyotokana na mlimau wowote. Barabara zilipigwa deki. Mbuzi waliogeshwa kabla ya kupelekwa mnadani. Rais wa nchi hiyo, Mtukufu Baba Safi, alikuwa ameagiza kwamba ustawi wa raia usipimwe tena kwa mavuno wala kwa shule, mambo yenye ubishi mwingi, bali upimwe kwa povu. Nyumba yenye povu jingi ndiyo nyumba iliyoendelea. Watu wenye akili zao walishangaa kwa nini mataifa mengine yalikuwa hayajagundua jambo rahisi namna hiyo.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aliyeitwa Zamda Lugome. Alikuwa mkemia, na kazi yake ilikuwa kusimamia mabwawa ya majitaka ya mji mkuu. Kila kilichofuliwa, kilichooshwa na kilichosuguliwa katika mji ule kilimfikia yeye kwa bomba. Mama yake, Bi. Nyamizi, mfuga bata wa kijiji cha Kisimamaji, huko chini Mto Kilolwe unakoelekea, alikuwa akiwaambia majirani kwa fahari kwamba binti yake ndiye anayepokea uchafu wa serikali nzima. Hakuwa na maana mbaya.

Zamani Zamda alikuwa mtu wa kubisha. Lakini mwenzake mmoja, aliyethubutu kusema kikaoni kwamba povu haliliwi, alihamishiwa kituo cha kupima mawimbi ya bahari katika wilaya isiyo na bahari. Huko akawa anatuma taarifa kila wiki kwamba bahari imetulia. Baada ya hapo Zamda alijifunza kunyamaza, kwanza kwa mdomo, halafu kwa uso, mwishowe kwa moyo. Moyo ulimfa ganzi kama mguu uliokaliwa. Hakuwa na huzuni, tusimsingizie. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akafua, akalala.

*

Mambo yalianza siku wageni wa mbali walipomzawadia Baba Safi hadubini. Alitazama tone la maji kutoka gilasi yake mwenyewe, akaona vitu vinatembea humo ndani bila ruhusa. Hakula chakula cha mchana. Jioni redio ikatangaza kwamba vijidudu vyote, wake kwa waume, viwe vimeondoka nchini kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba vitakavyokaidi visije vikalaumu mtu.

Waziri wa Usafi, Harufu na Mwonekano, Mheshimiwa Dominiko Tarimbo, aliwaita wakuu wa idara zote. Alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Pembeni yake aliketi afisa wake wa itifaki, Bwana Kasiani, kijana nadhifu ambaye kabla ya kila mtu kukaa alipuliza manukato kwenye kiti, na kila mtu aliponyanyuka akapuliza tena. Wakuu walisimama mmoja mmoja kuapa kwamba idara zao hazina kijidudu hata cha dawa. Zamu ya Zamda ikafika.

"Haya, Dakta," Waziri akasema. "Mabwawa yako. Humo ndani mna nini?"

"Majitaka, Mheshimiwa. Na vijidudu."

Chumba kizima kikakohoa.

"Umesemaje?"

"Vijidudu ndivyo vinavyofanya kazi, Mheshimiwa." Zamda alisema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayemsomea mgeni ratiba ya basi. "Chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Ndiyo maana inang'oa uchafu kwenye nguo. Ikishamaliza kazi mjini inaletwa kwetu. Vijidudu vinautafuna ule mkia kidogo kidogo, hadi sabuni haiwi sabuni tena. Ndipo tunayaruhusu maji yaende mtoni."

Waziri alimtazama Kasiani, Kasiani akaitazama dari.

"Kwa hiyo," Waziri akasema polepole, "unaniambia kwamba serikali ya Baba Safi inafuga vijidudu. Inavilisha. Inavilisha *sabuni*."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sabuni ambayo raia wa kawaida anaipangia foleni!"

"Ile iliyokwisha tumika, Mheshimiwa."

"Makombo ya raia hayawi haki ya kijidudu! Kibali walipewa na nani? Waliapishwa? Uraia wao ukoje?" Aligonga meza. "Ndugu wakuu wa idara, adui tuliyekuwa tukimtafuta mpakani kumbe tumemjengea bwawa, tumempa na mkurugenzi!"

Watu walipiga makofi. Zamda naye, kwa mazoea, akapiga. Kikao kikaazimia kwamba mabwawa yamwagiwe dawa ya kuua kila chenye uhai, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayewajua wale maadui kwa sura, aongoze kazi hiyo.

Alikuwa na la kusema. Alikuwa nalo kabisa, limekaa mdomoni kama kokwa ya tende: vikifa hivi, sabuni yote itakwenda mtoni nzima nzima. Alilizungusha mara moja kwa ulimi. Akakumbuka bahari iliyotulia. Akalimeza.

*

Malori ya dawa yalikuja na bendi ya matarumbeta. Zamda mwenyewe ndiye aliyefungua koki. Dawa ilishuka, na mabwawa, ambayo siku zote yalikuwa ya kijani na kahawia, yenye kububujika na kucheua kama tumbo la ng'ombe, yakatulia. Baada ya siku chache yakawa meupe kama jicho la kipofu. Ndege waliokuwa wakitembea kingoni wakidonoa walikaa wakatazama, wakaondoka. Zamda alivishwa Nishani ya Tone Safi, akaenda kuiweka kwenye droo ya vijiko.

"Unajisikiaje, Dakta?" mwandishi wa redio alimwuliza.

"Vizuri," akasema Zamda.

Na kweli hakujisikia vibaya. Hakujisikia chochote.

Mwezi uleule, Kiwanda cha Sabuni cha Taifa nacho kiliamua kumfurahisha Baba Safi. Kikabadilisha mchanganyiko. Sabuni ya zamani mkia wake ulikuwa umenyooka, na kijidudu huula kama mtu anavyokula muwa, kuanzia ncha. Sabuni mpya ilikuwa na mkia wenye matawi kama mwiba wa mgunga. Ilikuwa rahisi kuitengeneza na ilitoa povu maradufu. Hata kama vijidudu vingekuwa hai, visingejua pa kuanzia. Lakini vilikuwa vimekufa, kwa hiyo, kama Waziri alivyoeleza redioni, hakuna aliyepata usumbufu.

Povu lilionekana kwanza chini ya daraja kuu: jeupe, jepesi, likitetemeka. Kesho yake lilikuwa limefika usawa wa goti. Wiki iliyofuata lilipanda kingo za mto, upepo ukalibeba, likatua juu ya mapaa, kwenye masufuria ya mama ntilie, juu ya vichwa vya askari wa usalama barabarani, ambao hawakulipangusa kwa kuwa haikujulikana bado kama ni kosa. Redio ikatoa ufafanuzi: mto, kwa kuguswa na juhudi za wananchi, umeanza kujifua wenyewe.

Maharusi walikwenda kupiga picha humo. Waziri Tarimbo akatamka maneno ambayo baadaye yalichorwa kwenye kuta za shule zote: "Taifa lisilotoa povu ni taifa lisilooga!"

*

Bi. Nyamizi alipiga simu asubuhi, Zamda akiwa ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sikiliza, bata wangu wanazama."

"Wanazama?"

"Wanazama, Zamda. Bata! Wanaingia mtoni, wanaelea kidogo, halafu wanakwenda chini kama mawe. Jana nilimtoa mmoja amelowa mpaka kwenye ngozi, anatetemeka kama mwenye homa. Tangu lini bata akalowa?"

Zamda alikuwa akitazama dirishani. "Manyoya ya bata yana mafuta, mama. Ndiyo yanayozuia maji. Sabuni iliyo mtoni inayaondoa yale mafuta. Maji yanaingia, bata anakuwa mzito."

"Kumbe unajua!" Furaha ilikuwa kwenye sauti ya mama, furaha ya mtu aliyefika hospitali akakuta daktari yupo. "Nilijua tu utakuwa unajua. Basi mwambie mkubwa wako, mwanangu. Pengine yeye hajui."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie kwa adabu."

"Ndiyo, mama."

Hakumwambia. Hakupanga kutomwambia. Siku zilipita tu na jambo lile halikutokea.

Simu ya pili ilihusu samaki. Walikuwa wakija juu wakihema kwa midomo wazi, matamvua yamevimba na kuwa mekundu kama macho ya mlevi, miili imekauka ute, ukimshika samaki hatelezi. Zamda alieleza kwamba sabuni haichagui mafuta: ule ute unaomlinda samaki nao inauona ni uchafu. Simu ya tatu, Bi. Nyamizi alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu mwenye habari za aibu. Alikuwa amepasua samaki dume, akakuta mayai.

"Dume kabisa, mwanangu. Nimewapasua samaki maisha yangu yote, dume nalijua. Lina mayai!"

Hilo nalo Zamda alikuwa akilijua. Zipo sabuni ambazo zikivunjika nusu huwa mbaya kuliko zikiwa nzima. Vijidudu vichache vilivyonusurika mtoni vilitafuna vilichoweza na kuacha vilichoshindwa, na hilo bakio, likiingia mwilini mwa samaki, linaudanganya mwili kwamba ni homoni ya kike. Alimweleza mama yake taratibu. 

"Na sisi tunaoyanywa hayo maji?" Bi. Nyamizi akauliza.

"Chemsha, mama."

"Nikichemsha linatoka povu, linamwagika jikoni."

Mama yake alisubiri, halafu akamtakia kazi njema.

Habari za samaki dume zilifika wizarani kwa njia zake. Waziri Tarimbo hakutetereka hata kidogo. Alitangaza kwamba samaki wa Takasa wamekuwa wa kwanza duniani kugawana majukumu ya uzazi, akawataka wanaume waige mfano.

*

Ilipoamuliwa kwamba pawe na Sikukuu ya Povu ya Taifa, palitafutwa mahali ambapo povu lilikuwa refu kuliko kwingine. Pakapatikana Kisimamaji. Pale kijijini mto ulikuwa umezibwa kwa banio la mawe ili maji yaingie mashambani. Maji yaliporuka lile banio yalichapwa na kukorogwa kama mayai ya chapati, na povu likawa linasimama pale mchana kutwa, refu kuliko nyumba.

Jukwaa lilijengwa kwenye kingo, juu tu ya banio. Bendi ikaja, mahema yakaja, chupa za maji zenye nembo ya Taifa zikaja kwa ajili ya wageni. Zamda aliletwa kwenye gari la tatu na kuketishwa safu ya mbele kama mtaalamu wa serikali, nishani kifuani; Kasiani alikuwa amemkumbusha kwa simu asiisahau. Aliwaona watu aliokua nao wamepangwa juani nyuma ya kamba. Walimpungia mkono. Akawapungia.

Waziri alikuwa katikati ya hotuba pale Bi. Nyamizi alipoinua kamba na kupita chini yake. Alivaa khanga yake ya sikukuu, na kwapani alikuwa amembana bata mweupe. Askari walisita. Hakuna aliyekuwa amewaelekeza la kufanya kuhusu mama mtu mzima mwenye bata.

"Shikamooni wazee wangu," alisema akifika mbele ya jukwaa, ingawa wote pale walikuwa wadogo kwake. "Mheshimiwa, samahani kwa kukukatiza. Sina maneno mengi. Naomba tu utazame."

Akateremka kingoni pale ambapo povu lilikuwa limeachana kidogo, akamweka bata majini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Bata alielea. Alipiga miguu mara mbili tatu, akatazama huku na huku kwa namna ya bata. Kisha mkia ukaanza kushuka, mgongo ukafuata, na shingo ikabaki peke yake juu ya maji kama mpini wa mwavuli. Maji yakamsukuma, povu likamfunika.

Waziri alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi, na mwanasiasa wa miaka mingi hababaishwi na bata.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mmeshuhudia wenyewe! Bata wa nchi za jirani wanaelea tu juu juu, hawana upeo. Bata wetu wanakwenda kwa kina!" Makofi yakalia safu za mbele. "Lakini mimi si mtu wa kubahatisha. Serikali hii inaongozwa na sayansi. Tunaye hapa mtaalamu, mwenye nishani, tena nimeambiwa ni mzaliwa wa hapahapa. Dakta Lugome, hebu waeleze wananchi kisayansi. Bata yule ana nini?"

Kasiani akamletea kipaza sauti. Zamda alisimama. Kutoka pale aliweza kumwona mama yake vizuri, miguu majini, uso umeinuka, unang'aa. Alikuwa na sura ya mtu ambaye shahidi wake hatimaye ameitwa. Maelezo yote yalikuwa tayari kichwani mwa Zamda, yamejipanga, kichwa na mkia, mafuta na manyoya. Hakuwa na hofu. Angekuwa na hofu pengine ingemsaidia. Alisubiri kitu kimsukume, upande wowote ule, hakikuja, na mdomo ukasema wenyewe kile ulichozoea.

"Ni bata mzee," Zamda alisema.

Sauti ilitoka kwenye spika zote, ikaenda ng'ambo ya mto, ikarudi.

Bi. Nyamizi alibaki amemtazama. Hakukasirika. Uso ulizimika tu, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Bata yule ameanguliwa mwaka huu huu, mwanangu," alisema. Hakuwa na kipaza sauti, na safu ya mbele tu ndiyo iliyosikia. Akakunja khanga yake, akaifunga vizuri kiunoni. "Haya. Kama ni mzee, ngoja nikamtoe mzee mwenzangu."

Akageuka akaingia kwenye povu.

Lilimfika kiunoni, likamfika begani, kilemba kikaonekana kidogo, kisha kukawa kweupe. Waziri alisema, "Tazameni moyo wa uzalendo!" na bendi ikadhani ni ishara yao, ikaanza kupiga. Wageni wakasimama na kupiga makofi kwa mdundo. Zamda alijua mawe ya lile banio. Aliyachezea utotoni, alijua yanavyoteleza na shimo lilipo. Alijua pia kwamba ndani ya povu refu namna ile mtu hana hewa ya kuvuta wala mahali pa kutazama. Alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Angeweza kusema, mama, rudi, na kijiji kizima kingesikia.

Wimbo ulikuwa wa beti nyingi. Ulipokwisha, Zamda aliweka kipaza sauti chini kwa uangalifu, akavua viatu, akaingia majini.

*

Walimpata Bi. Nyamizi alasiri, chini ya banio, wanaume wa kijiji wakiwa wamefunga kamba viunoni na Zamda akiwa miongoni mwao. Mama yake alikuwa amemshika bata. Misafara ya magari ilikuwa imekwisha ondoka. Redio jioni ikasema kwamba sikukuu ilifana, na kwamba mama mmoja mwananchi, kwa furaha iliyopita kiasi, aliungana moja kwa moja na povu la Taifa. Waziri alituma rambirambi: katoni ya Sabuni ya Taifa, kwa ajili ya kuoshea.

Asubuhi yake Bi. Kibibi, aliyekuwa mwosha maiti wa Kisimamaji na shoga wa marehemu tangu usichana wao, alimwita Zamda chumbani. Mama yake alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa khanga mbili.

"Wewe ndiye mwanawe wa pekee," alisema Bi. Kibibi. "Utaniinulia kichwa. Lete maji."

Zamda alileta ndoo. Bi. Kibibi alichovya mkono, akautikisa. Povu likapanda.

"Sabuni siikatai. Huwa tunatia sabuni, tunatia na karafuu maiti. Lakini maji ya mwisho sharti yawe maji. Maji yenyewe, kama yalivyoshuka kwa Mola wake. Haya yameshageuka jina. Niletee maji."

Zamda alikwenda kisimani. Maji ya kisima yalitoa povu. Alikwenda kisima cha msikiti, na bomba la shule, na nyumba ya mwenyekiti. Kilikuwa kiangazi, mapipa ya mvua yalikuwa makavu tangu zamani. Wanawake wa jirani walitoka kila mmoja na alichokuwa nacho, mtungi, kidumu, birika, na kila mmoja kabla ya kukabidhi alitikisa, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno. Mtu akakumbuka chupa zilizoachwa na wageni chini ya jukwaa. Zilikuwa na kizibo cha bluu na nembo ya Taifa. Zamda alitikisa moja. Povu lilijaa hadi kwenye kizibo.

Alirudi mikono mitupu. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza alichotumwa.

"Hakuna, shangazi."

"Hakuna kabisa?"

"Nchi nzima," Zamda alisema. "Yote yanapita kwangu. Nilifungua koki mimi mwenyewe. Nilikuwa najua."

Yale aliyotaka kusema Bi. Kibibi aliyaacha, kwa kuwa kulikuwa na maiti chumbani na maiti ana haki zake.

"Asiyepata maji hutayamamu," alisema mwishowe. "Mzima au maiti, sheria ni moja. Nenda nyuma ya banda, ulete udongo mkavu. Safi, usiokanyagwa."

Zamda alileta udongo katika ungo. Bi. Kibibi alimwonyesha. Zamda akanuia, akapiga viganja viwili juu ya udongo, akavikung'uta, akampaka mama yake usoni, kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni. Uso ulikuwa wa baridi na laini, umesuguka kwa sabuni kama sahani. Vumbi lilikaa kwenye mikunjo ya macho, na kwa mara ya kwanza tangu jana alifanana na mtu anayemjua. Akapiga tena udongo, akapaka mkono wa kulia, akapaka wa kushoto. Chembe za mchanga zilimwingia kwenye kucha. Zilichoma. Zamda alisimama akiutazama mkono wake, akishangaa kwamba unauma.

Huko nje gari lilisimama. Bwana Kasiani alishuka na mpiga picha, viatu vyake viking'aa, akasimama ukumbini pa wafiwa akitafuta mahali pa kupulizia manukato. Watu wote walikuwa wameketi chini juu ya mikeka. Zamda alitoka.

"Pole sana, Dakta," Kasiani alisema. Kisha akashusha sauti. "Mheshimiwa anataka kutamka neno redioni saa sita. Tunataka kuthibitisha tu. Marehemu ameshaoshwa? Kwa ile sabuni?"

"Hakuoshwa," Zamda alisema.

"Ataoshwa saa ngapi?"

"Haoshwi. Hakuna maji katika nchi hii, Bwana Kasiani. Kuna sabuni tu. Vijidudu vilikuwa vinaila, tukaviua. Bata wanazama kwa sababu ya sabuni, samaki wanakufa kwa sababu ya sabuni, na mama yangu amekufa kwa sababu nilisema bata yule ni mzee. Hakuwa mzee. Mwambie Mheshimiwa. Mwambie kwa adabu."

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila aliyeketi alisikia. Kasiani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa itifaki, na itifaki haikuwa na kifungu cha jambo hilo. Ilikuwa na kifungu kimoja tu kwa mtu aliyefika msibani: kumpa mfiwa mkono. Kwa hiyo akaunyoosha. Zamda akaupokea kwa mikono yake miwili, akaushika barabara, kama tunavyoshikana wakati wa kufiwa, na hakuuachia upesi.

Alipoachiwa, Kasiani alitazama kiganja chake. Kilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kifundo, na kwenye pindo la shati jeupe. Aliushikilia mkono mbali na mwili, akageuka huku na huku akiwatazama watu waliokaa mikekani.

"Samahani, jamani," alisema. "Naomba maji kidogo ninawe."

Hakuna aliyenyanyuka.